Dagaa wa Ukweni

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku mdogo wangu Magesa alipouza maksai wa baba. Ilikuwa asubuhi, hapa hapa Butiama, na wale ng'ombe wawili walitolewa zizini wamefungwa kamba moja, mmoja wao akigeuka-geuka kutazama nyuma. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Nikamwambia, "Magesa, mtu akiuza maksai analimia nini? Meno?"

Akacheka. Alikuwa mcheshi yule, hasira haikukaaga kwake. "Dada Nyangeta, mvua zikianza nitakuwa nimeshanunua wengine. Tena wanene kuliko hawa wazee wawili."

Sasa wewe umekuja kuniambia unataka kufuga kware. Nimekusikia tangu mlangoni, na nimeona jinsi macho yanavyokuwaka. Sikukatazi. Kware si ndege mbaya, na aliyenipa huzuni mimi si kware. Lakini keti kwanza, maana hiki nitakachokwambia hutakipata kwa hao wanaouza vifaranga. Na usinitazame hivyo, kana kwamba nilizaliwa na mvi. Siku zile nilikuwa na kiuno kilichonyooka na mdomo mkali. Kiuno kimekwenda, mdomo bado ninao.

Baba yetu alipofariki alituachia shamba, nyumba na maksai wale. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, kwa hiyo tuliishi pamoja, mimi na Magesa na mke wake Veronika. Maksai wale ndio walikuwa chakula chetu. Magesa alilima shamba letu, akimaliza anawalimia majirani, nao wanatulipa mahindi au mtama. Asiye na maksai kwetu husubiri mwenye nao amalize, na akimaliza, mvua nayo imeshakwenda zake. Ndiyo maana nilisimama pale na mwiko. Aliuza kilimo chetu na tumbo letu pamoja.

Lakini miaka ile kware walikuwa wameingia kama homa. Kila ulikokwenda, Musoma, Bunda, hata kanisani baada ya misa, watu wanaongea kware. Eti mayai yake yanaponya presha, yanaponya pumu, yanampa mtoto mwanamke aliyekosa. Mangapi yalikuwa ya kweli mimi sijui, wala waliosema hawakujua. Magesa hata hivyo hakukimbilia maneno hayo. Alikwenda Musoma akaongea na mwenye hoteli mmoja aliyetaka kware wa nyama, wenye mwili, wa kuchoma. Yule bwana akasema, "Niletee wakubwa, nitachukua wote." Basi Magesa, kwa fedha za maksai, akajenga banda la waya na mbao, akaenda Bunda kununua vifaranga kwa mama mmoja aliyekuwa na mashine ya kutotolesha.

Nilimsindikiza siku hiyo. Mama wa Bunda hakuwa mchoyo wa maneno. Alimtoa kifaranga mmoja akamweka kiganjani mwangu, na kusema kweli nilitaka kucheka, maana alikuwa mdogo kama kidole gumba kilichoota manyoya. Akatufundisha kuweka vijiwe kwenye vyombo vya maji, kwa sababu kifaranga wa kware huzama hata kwenye maji ya kina cha kifuniko. Halafu akamshika Magesa mkono.

"Sikiliza, baba. Kware ana haraka. Kuku anakua taratibu, huyu miezi miwili haifiki anataga. Sasa mwili wa haraka hivyo unajengwa na nini? Na protini. Chakula cha vifaranga wa kuku hakimtoshi huyu, anataka zaidi. Pumba na mahindi vitamshibisha tu, havitamjenga. Mpe dagaa, mpe soya, mpe mashudu. Na umpe sasa, wiki hizi za mwanzo. Ukimnyima sasa, baadaye hata umwagie gunia zima, ameshadumaa."

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilidhani methali ile ni ya kulea watoto tu. Kumbe na ndege.

Magesa aliposikia dagaa, uso ulimng'aa. Mke wake Veronika alikuwa binti wa Kiriba, kule ziwani, na mama yake kazi yake ilikuwa kuanika dagaa. Tena wakati ule Veronika alikuwa kwao. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza binti huenda kujifungulia kwa mama yake, akakaa huko mpaka mtoto apate shingo. Haikupita muda, mama mkwe alisikia kutoka kwa binti yake kwamba mkwe anafuga ndege na ndege wanataka dagaa. Hakuombwa. Akatuma gunia. Likaja na gari hadi Musoma, na kutoka Musoma likaletwa na mtu wa bodaboda, limefungwa kwa kamba ya nyavu. Lilipoisha likaja jingine. Wewe, kuna watu wana mkono wa kutoa! Yule mama alikuwa hivyo.

Nikueleze kidogo habari za Magesa na mama huyu, maana humo ndimo jambo lilimo. Alipokwenda kumposa Veronika, kaka zake binti walimkataa. Yatima, wakasema, wa bara, hajui hata kutofautisha samaki, sato na furu, atamlisha nini dada yetu? Aliyesimama ni mama. Akawaambia wanawe mbele ya watu, "Huyu ndiye mkwe wangu, na asiyemtaka asile tena kwangu." Magesa hakusahau. Na unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akimwona anakuja njiani, anajibanza pembeni mpaka apite. Hali chakula mbele yake, hamwambii neno la moja kwa moja, salamu zinapitia kwa mtu. Ni heshima, na heshima ni nzuri. Sasa wewe changanya heshima hiyo na shukrani kama ile, uone mtu anavyofungwa mdomo.

Tuliwalisha wale ndege, mwanangu. Pumba, mahindi yaliyoparazwa, mashudu kidogo kutoka Bunda, na dagaa wa ukweni ndio tegemeo. Walikula! Asubuhi chombo kinajaa, mchana kitupu. Magesa alikuwa anapiga mluzi akiwatilia chakula. Lakini wiki zilivyokwenda mimi nikaanza kuona mambo. Manyoya hayakufunika mgongo. Wengine walikuwa wakubwa kidogo na wengine wamebaki vile vile walivyotoka Bunda, kama watoto wa mama tofauti. Ukimshika, tumbo limejaa, kifua ni mfupa mtupu. Kisha wakaanza kudonoana. Ndege anayekosa kitu mwilini humtafuta mwenzake, anamng'oa manyoya, anatafuna, na akiona damu haachi.

Siku moja Magesa akiwa kisimani, nilimtoa mmoja aliyedonolewa vibaya nikamchinja, ili asiteseke. Nilipompasua, nikaona firigisi yake imevimba, ngumu. Nikaikata. Ndani hakukuwa na chakula. Ilikuwa mchanga. Mchanga mweupe wa ziwani, umeshindiliwa mpaka umefanya kidonge.

Nikaenda kwenye gunia. Nikachota dagaa, nikawatia kwenye sufuria ya maji, nikakoroga, nikaacha. Dagaa waliobaki juu hawakujaza hata kikombe. Chini kulikuwa ufukwe mzima wa Kiriba. Nikachukua chekeche nikachekecha gunia lile hadi mikono ikaniuma, na kilichobaki hakikutosha kulisha hata kona moja ya banda. Waliokuwa kwenye gunia walikuwa dagaa wa kufagia, wale wanaobaki chini baada ya wazuri kuokotwa, vichwa na vumbi na mchanga. Ndege wetu walikuwa wameshiba siku zote hizo kwa kitu kisichojenga chochote.

Magesa aliporudi nikamwonyesha sufuria. Alichuchumaa, akaingiza vidole akausugua ule mchanga. 

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nisimwambie mtu? Nampigia Veronika sasa hivi! Amwambie mama yake atupe wasafi, au asitupe kabisa tujue moja!"

"Dada, nakuomba. Veronika ana mimba kubwa. Nimwambie mama yake anatuma takataka? Yule mama? Nitamtazamaje?"

"Kwani sasa unamtazamaga?"

Nilitaka acheke. Hakucheka. Akaniambia, "Mkono ulionipa mke siwezi kuuambia una mchanga." Akaniapisha. Mimi nilikuwa dada mkubwa, lakini pale nyumbani yeye ndiye aliyekalia kigoda cha baba, na mke ni wake, na ukwe ni wake. Nikafunga mdomo wangu huu usiofungika.

Alijaribu, sitasema hakujaribu. Aliuza jembe moja na redio, akanunua dagaa wasafi Musoma na soya kidogo. Akawapa. Lakini mama wa Bunda alikuwa ametuambia. Ndege walikuwa wameshapita umri wa kujengwa. Walinenepa kidogo, hawakukua. Majike wakaanza kutaga kwa kuchelewa, mayai machache, madogo, mengine na ganda laini linalobonyea ukilishika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na magunia ya Kiriba hayakukoma kuja. Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza roho. Mtu wa bodaboda akifika anasema, "Mama anauliza ndege wanaendeleaje." Na Magesa, mdogo wangu, anasimama pale, banda likiwa nyuma yake, anajibu, "Mwambie wamenawiri. Mwambie mikono yake imebarikiwa." Basi mama wa watu, akisikia hivyo, si ndiyo anazidi kutuma? Ningekuwa mimi nisingezidi?

Mwenye hoteli alikuja mwenyewe na gari. Akaingiza mkono bandani, akamtoa mmoja, akampima kwa kiganja, akamrudisha. Akamtoa mwingine. Halafu akamwuliza Magesa, bila ukali, "Kaka, hawa ni kware au shomoro?" Akaondoka. Simlaumu, yeye alihitaji nyama.

Siku ya pili yake Veronika alijifungua, mtoto wa kiume. Ilitumwa picha kwenye simu. Magesa aliitazama akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, pale penye banda. Akaniambia, "Dada, ana masikio ya baba." Kisha akalia. Nilikuwa sijamwona akilia tangu mazishi ya baba, nikageuka nikajifanya natafuta kuni.

Mvua zilianza. Majirani wakaingia mashambani na maksai wao, tukasikia sauti zao tangu alfajiri, na shamba letu limelala na magugu yake. Mimi nilishika jembe la mkono. Magesa alishika jembe la mkono wiki moja, kisha akasema anakwenda Buhemba kuchimba dhahabu. Nikamwambia Buhemba kuna watu wengi wanaokwenda na wachache wanaorudi na kitu. Akasema atakaa muda mfupi, apate ya maksai wawili, aende Kiriba akamchukue mke na mtoto kwa heshima. Hawezi kwenda ukweni mikono mitupu, akasema, hasa kwa mama yule. Ndege waliobaki akaniachia niwale au niwauze.

Hakukaa sana. Walishuka shimoni baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa umelowa, ukuta ukawaangukia. Wenzake walitolewa wakiwa hai. Yeye alitolewa jioni. Waliniletea habari nikiwa napalilia, na nilipoona wanaume wengi wanakuja njia moja bila kuongea, nilijua, nikaweka jembe chini. Mungu amrehemu. Magesa alimwona mtoto wake kwenye simu tu.

Msiba ulikuwa hapa. Watu wa Kiriba walikuja na gari, Veronika na kitoto chake mgongoni, na mama yake amemshika. Kwa mara ya kwanza yule mama aliingia uani kwa mkwe wake, na mkwe hakujibanza. Tulipomaliza kuzika, wanawake wakikatakata vitunguu na wanaume wamekaa, mama alizunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata, nikidhani anatafuta choo. Nikamkuta amesimama mbele ya banda tupu. Pembeni yalikuwepo magunia yake, mawili, hata kamba hazijafunguliwa.

"Dagaa hawa hawakuliwa," akasema.

Ningeweza kudanganya. Magesa aliniapisha. Lakini nilikuwa nimechoka, na kiapo kilikuwa kimezikwa na mwenyewe. Nikamwambia yote. Nikamwambia mchanga, na firigisi, na sufuria, na shomoro. Sikumwangalia nilipokuwa nasema. Nilipomaliza, alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, na kanga yake nzuri ya msiba.

"Mimi nilidhani mchanga wanaupenda," akasema. "Kuku wangu wanakulaga mchanga kutwa nzima, ndio unaowasagia. Nikasema hawa wa kufagia watawafaa ndege, na mchanga wao humo humo, wasihangaike kuutafuta. Wale wasafi nilikuwa nao. Ndani nilikuwa nao! Kwa nini hakuniambia? Ningepepeta."

Akarudia, "Ningepepeta tu."

Nikasema, "Mama, alikuheshimu."

Akanitazama, mwanangu, na macho yale siwezi kukusimulia. Akasema, "Heshima gani hii inayoniacha mimi hai na yeye amekufa? Na wewe, Nyangeta, wewe unayejibizana na watu njia nzima, siku ile ulikuwa bubu? Mkwe wangu kunionea haya, sawa, ni desturi. Wewe ulikuwa unamwonea nani haya?"

 Swali lile ninalo mpaka leo. Mama alinikaripia hivyo akiwa amekaa kwenye udongo, kisha akaninyooshea mkono nimwinue, nikamwinua, tukarudi kwa watu tumeshikana.

Mama huyo yu hai. Nikienda Kiriba namkuta ufukweni. Dagaa wake sasa anawaanika juu ya chanja, hawagusi chini, na hata hivyo akimaliza anawapepeta, anawarudia, anawapepeta tena, mpaka wenzake wanamwambia mama, hawa wameshatakata. Yeye anajaza ungo tena. Anapepeta.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na niiseme wazi usije ukasema bibi alizunguka. Ukifuga kware, mjenge angali mdogo. Mpe protini iliyo protini kweli, dagaa, soya, mashudu, na usidanganywe na chombo kitupu wala tumbo lililojaa, maana kushiba si kukua. Dagaa wako watie kwenye maji kabla ya kuwalisha, hata wakiwa wamekuja kwa upendo, hata mimi nikikupa. Kukagua zawadi hakumtukani aliyetoa.

Na la pili ni kubwa kuliko ndege. Mtu anayekupenda akikosea, mwambie. Kama desturi inakuziba mdomo, desturi hiyo hiyo imekupa shangazi, dada, mshenga, mtu wa bodaboda hata, wa kulipeleka neno kwa upole. Usimsifu mtu kwa jambo linalokuua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyo wa kwetu kilimuumbua mbele ya wote aliokuwa anawasitiri. Mwenye upendo wa kweli atapepeta. Ila mtu ampelekee habari kwanza.

Na ukiona mwenzako amenyamaza, na wewe unajua anachonyamazia, usimsaidie kunyamaza.

Haya, inuka uende kabla jua halijakuwa kali. Mungu akukuzie ndege wako na akukuzie wewe. Akupe watu wenye mkono wa kutoa, na akupe ulimi wa kuwaambia kweli wakiwa bado wanaweza kuisikia. Watoto wako wakuone kwa macho yao, wakushike kwa mikono yao. Amina.